Bunduki Huishi kwa Fundi: Historia ya Gobori Upande Wetu wa Ziwa



Tangu tulipoanza kurudi, tukivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Baraka kuanzia mwaka 2005, watu wetu wamekuwa wakijenga upya kwenye viwanja vya wazee wao. Ukichimba msingi au ukilima nyuma ya nyumba, unakuta vitu vya zamani: chungu, jembe lililoliwa, na mara nyingine mtutu mrefu wa bunduki ya babu, umejaa kutu, mti wake umemalizwa na mchwa. Na mwenye kuukuta anafanya kile kile: anaufunga kwenye kitenge, anaupeleka kwa fundi wa chuma wa jirani, anauliza kama unaweza kupona.

Baadhi ya mafundi hao ni wanachama wetu. Fuawe, koleo na tupa wanazotumia zilinunuliwa kwa mfuko wa chama, na ndani ya mfuko huo imo michango ya wafadhili. Njo maana swali la bunduki ya babu si la nyumba moja tena. Mafundi wanatuuliza kama waikubali kazi hiyo. Wafadhili nao wana haki ya kuuliza kama vyombo walivyotoa vinafufua silaha.

Kabla ya kujibu tuliona tutazame kwanza historia ya chombo chenyewe. Historia hiyo inatufundisha jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii. Gobori halikuishi huku kwetu miaka zaidi ya 100 kwa nguvu ya wafanyabiashara walioleta. Liliishi kwa mkono wa fundi, chini ya kibanda chake cha nyumbani.

Gobori ni kitu gani?

Vijana wetu waliozaliwa Lugufu au Nyarugusu wanajua bunduki moja tu, ile ya vita vyetu, inayomwaga risasi kama mvua. Gobori ni kitu kingine kabisa. Hujazwa kwa mdomo. Mwenye nalo anamimina baruti ndani ya mtutu, anashindilia kwa mdeki, yaani ule mti au chuma chembamba kinachokaa chini ya mtutu, kisha anatia risasi na kizibo cha nguo, anashindilia tena. Akishapiga mara moja, anaanza upya. Askari wa Ulaya aliyefundishwa vizuri alipiga mara mbili au tatu kwa dakika moja. Mwindaji wa kawaida alichukua muda zaidi. Mtutu wake ni laini ndani, kwa hiyo risasi haiendi mbali kwa unyofu. Ukizidi hatua 100, kulenga ni bahati. Na mvua ikinyesha, baruti ikalowa, umebaki na rungu.

Yako ya aina mbili. La kwanza ni gumegume. Hilo lina jiwe gumu lililobanwa kwenye mdomo wa mtambo. Ukivuta, jiwe linapiga bamba la chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani, na moto unapita tundu dogo kuingia ndani ya mtutu. La pili ni la fataki. Hilo lilizaliwa karne ya 19, baada ya Mskoti Alexander Forsyth kuandikisha mwaka 1807 njia yake ya kuwasha baruti kwa dawa inayolipuka ikigongwa. Baadaye dawa hiyo ikawekwa ndani ya kikofia kidogo cha shaba: ndo fataki yenyewe. Wabelgiji waliita silaha hiyo bunduki ya pistoni.

Kule Kigoma tulisikia wenyeji wakisema gobole. Huku Kongo, bunduki iliyotengenezwa na fundi mwenyewe kuanzia mwanzo watu wanaiita pupu. Tusichanganye hizo mbili. Gobori la wazee wetu lilitoka kiwandani, mbali sana. Fundi wa huku alilirithi likiwa tayari.

Lilivyofika

Ukisafisha kutu pole pole karibu na mwanzo wa mtutu, unaweza kukuta alama. Herufi ELG ndani ya duara lenye umbo la yai zinaonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa Liège, Ubelgiji. Neno TOWER kwenye bamba la mtambo linaiga au linafuata alama ya silaha za Uingereza. Liège na Birmingham ndiyo ilikuwa miji mikubwa ya kutengeneza bunduki za bei nafuu kwa soko la Afrika. Bunduki nyingi zilikuwa za zamani za majeshi ya Ulaya, zilizotolewa kazini kila nchi ilipopata silaha mpya, zikatengenezwa tena na kuuzwa.

Kwetu mashariki zilipita Unguja. Kutoka pwani zilibebwa mabegani na misafara hadi Tabora na Ujiji, zikavuka Tanganyika kwa majahazi, zikashika njia ya Manyema hadi Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Zilikwenda pamoja na nguo na shanga. Zilirudi pembe za ndovu, na zilirudi watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kwa njia ya pwani hiyo.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye sisi wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kwamba watu wa bara walimpa jina hilo kwa mlio wa bunduki zake: tip tip. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtemi mwenye nguvu wa Itabwa, kusini-magharibi ya ziwa letu. Watu wa Nsama walikuwa wapiganaji wa kuogopwa, lakini silaha yao ilikuwa mishale. Tippu Tip mwenyewe alichomwa kwa mishale, hata hivyo bunduki zilishinda, na pembe zilizokuwa ghalani mwa Nsama zikawa mali yake.

Hatuandiki habari hizi kwa kujisifu. Tarehe 15 Julai 1871 soko la Nyangwe lilijaa watu, wengi wao akina mama waliokuja kuuza samaki, kuku na vyakula. Wanaume wachache wenye bunduki wakaingia, ukazuka ubishi wa bei ya kuku, kisha wakaanza kupiga ndani ya umati. Watu walikimbilia mtoni, mitumbwi ikazama, wengi wakafa maji. David Livingstone alikuwepo akayaona kwa macho yake. Alivyoandika, Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Silaha iliyoanzisha yote hayo ni hii hii ambayo leo mtu anaiita ya babu na kuionea huruma kwa sababu imezeeka.

Sheria iliyotazama bandari tu

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Walisema ni wa kumaliza biashara ya watumwa, na sehemu moja ilihusu silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, kutoka bahari moja hadi nyingine, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake kwa watu binafsi, ila kwa ruhusa za pekee. Kilichoachiwa mlango ni gumegume lenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara.

Hesabu yao haikuwa ya siri. Mwafrika akibaki na gumegume, na serikali ikiwa na bunduki ya kujazwa kwa nyuma, nani atashinda iko wazi. Na iko wazi kweli ukitazama yaliyofuata. Msiri, mtawala wa Garenganze aliyetoka Unyamwezi akajenga makao yake Bunkeya, alipata bunduki na baruti kutoka pande mbili, pwani ya mashariki na pwani ya Angola. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na afisa wa msafara wa Stairs, uliokuja kwa niaba ya mfalme Leopold. Miezi michache baadaye vita vikaanza kati ya Dola Huru ya Kongo, Bulamatari kama wazee walivyoita, na watawala Waarabu na Waswahili wa Manyema. Askari wa Bulamatari walibeba Albini, bunduki ya kujazwa kwa nyuma. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka ule ule. Mwaka 1894 vita vilikwisha.

Lakini gobori halikwisha. Serikali hiyo hiyo na makampuni yake waliligawa. Wakati wa mpira, makapita waliowekwa vijijini kulazimisha watu kuleta mzigo walibeba bunduki za fataki. Kwa hiyo kijiji kilichoteswa na gobori la mfanyabiashara wa pembe kilikuja kuteswa na gobori la kapita.

Waliotunga mkataba walitazama bandari: nini kinashuka melini, nini kinawekwa ghalani. Walidhani kitu duni kikizeeka kitakufa chenyewe. Hawakumhesabu fundi.

Chini ya kibanda cha fundi

Gobori ni kitu cha kuharibika upesi. Springi ya mtambo inavunjika. Bamba la kutoa cheche linakwisha ugumu. Tundu la moto linapanuka kwa kuliwa na baruti. Kitako kinapasuka mwenye nalo akianguka njiani. Baruti ikiachwa ndani bila kusafishwa inavuta unyevu, na kwenye hewa ya ziwa letu kutu haichelewi. Bila mtu wa kulitunza, miaka michache tu limekuwa fimbo. Kumbe tunakuta mitutu iliyovuka karne nzima. Hiyo ni kazi ya mikono.

Fundi wa chuma kwetu hakusoma kiwandani. Alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba, mvukuto wa ngozi ya mbuzi, makaa, jiwe au chuma cha kufulia, nyundo, na baadaye tupa ya dukani. Nchi zetu zilijua chuma kabla ya bunduki. Ng'ambo ya ziwa, Ufipa, kulikuwa na tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia mawe ya chuma. Majembe ya Unyamwezi yalisafiri mbali na yalitumika kama mali ya kununulia na kuolea. Kwa hiyo bunduki ilipofika na kuvunjika, ilimkuta mtu ambaye tayari anaongea na moto.

Alianza na mti. Kitako kilichopasuka alikichonga upya kwa mti mgumu wa pori, akifuata umbo la kile cha zamani kwa jicho tu. Penye ufa alivika ngozi mbichi, akaishona na kuiacha ikauke. Ngozi ikikauka inajikaza, inabana mti na mtutu kuliko msumari. Ndiyo sababu magobori mengi ya zamani yana kiuno cha ngozi nyeusi: ni bendeji ya fundi.

Kisha mtambo. Bamba la cheche likichoka, fundi wa gumegume popote duniani analivisha uso mpya wa chuma kigumu. Springi ni mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu inataka moto wa kipimo: ikizidi ugumu inavunjika kama kioo, ikipungua inalala. Hapo fundi hana kipimajoto. Anasoma rangi ya chuma, kutoka manjano hadi buluu, na sekunde chache zinaamua kama kazi imefaulu.

Walio mashuhuri kwa kazi hii katika nchi yetu walikuwa Wachokwe, wa kusini mwa Kongo na Angola. Mafundi wao walijua kutengeneza upya sehemu nyingi za bunduki, ila mtutu, na walipamba vitako kwa misumari ya shaba ya njano iliyopangwa kwa mistari. Wachongaji wao walipomchonga Chibinda Ilunga, mwindaji wa hadithi aliyeleta ufalme, wengine walimpa mkononi gobori, ingawa hadithi yake ni ya zamani kuliko bunduki. Sanamu ya namna hiyo leo iko kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Mtu akitazama vizuri anaona kwamba mchongaji alijua bunduki: mtambo uko mahali pake.

Basi mkono ule ule uliochonga kitako ndio ulitengeneza jembe, shoka, kisu cha jikoni na mkuki. Mwenye kuleta gobori na mama mwenye kuleta jembe walikaa kwenye benchi moja kungoja zamu. Fundi alikuwa na uwezo ambao hata chifu hakuwa nao. Chifu aliweza kuamuru watu waende vitani, lakini bunduki iliyovunjika haisikii amri.

Kutoka pistoni hadi sheria ya leo

Wakati wa Wabelgiji, Mwafrika aliyekubaliwa kuwa na bunduki alipewa kibali, na mara nyingi ilikuwa ile ya pistoni. Machifu na wawindaji waliziheshimu. Katika sehemu nyingi za nchi, baruti ililia kwenye matanga ya mkubwa, na kijiji cha pili kikajua kuna msiba. Wazee wengine wanalikumbuka gobori kwa sababu hiyo: sauti ya kilio, na nyama ya nguruwe pori aliyemaliza mihogo. Hiyo nayo ni kweli, na hatuna haja ya kuificha.

Lakini mwaka 1964, wakati wa maasi ya Simba, silaha za zamani zilitoka darini. Huku Fizi na Uvira wapiganaji wengi waliingia na mikuki, mishale na bunduki za zamani. Na tangu 1996 hatuna haja ya kumsimulia mtu. Sisi wenyewe ndio tuliokimbia. Katika miaka hiyo pupu imeongezeka sehemu nyingi, na wengine wanatumia bomba la maji kama mtutu. Bomba la maji halikutengenezwa kubeba moto wa baruti. Linapasuka, na linapopasuka liko karibu na uso wa mwenye kulishika.

Sheria nazo zimebadilika. Kongo ina amri-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi, na inataka ruhusa ya serikali. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo. Na tarehe 30 Aprili 2010 nchi za Afrika ya Kati zilipitisha Mkataba wa Kinshasa, ulioanza kutumika mwaka 2017. Tazameni jina lake refu: hautaji silaha na risasi tu, unataja pia sehemu zote zinazoweza kutumika kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Miaka 120 baada ya Brussels, hatimaye mkataba umeingia hadi ndani ya kibanda cha fundi. Umeona kile ambacho wazee wetu walikijua: bunduki hainunuliwi mara moja. Kila fundi anapoitengeneza, ni kama inanunuliwa tena.

Msimamo wa chama

Kwa hiyo jibu letu kwa mafundi na kwa wafadhili ni moja.

Kwanza, chombo chochote cha mfuko wa chama hakitatumika kufanya gobori, pupu au bunduki nyingine yoyote ipige tena. Hata kama mwenyewe anasema ni ya nyani na nguruwe pori. Hata kama analipa vizuri. Tunajua nyani wanamaliza mashamba, na jambo hilo litajadiliwa peke yake, kwa njia ya ulinzi wa pamoja wa mashamba.

Pili, usalama. Gobori lililofichwa kwa haraka wakati wa kukimbia mara nyingi lilifichwa likiwa limejazwa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi, hata miaka mingi. Mtu asitie mtutu wa zamani kwenye moto, asiukate, asiugonge, asivute mtambo kujaribu. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi: kwanza wanaingiza kijiti mdomoni mwa mtutu hadi kikwame, wanatia alama, kisha wanakilaza nje ya mtutu kuona kimefika wapi. Kisipofika karibu na tundu la moto, ndani kuna kitu. Hapo kazi inasimama. Watoto wanaondolewa, na habari inapelekwa kwa chifu na kwa polisi, si kwa jirani mwenye nyundo.

Tatu, kumbukumbu si silaha. Familia inayotaka kuhifadhi kitu cha babu yake, chama kitaisindikiza kwa wakuu wa serikali ili kitu kiandikishwe, kihakikishwe hakina kitu ndani na hakiwezi kupiga. Baada ya hapo fundi anaweza kukitunza kwa namna ya kuhifadhi: mafuta mepesi, kitambaa, brashi laini, uvumilivu. Asisugue alama za kiwandani kwa msasa, kwa sababu zile herufi ndogo ndizo cheti chake cha kuzaliwa. Asibandue ngozi ya kiunoni akidhani ni uchafu. Kitako kilichochongwa na fundi wa kwetu kisibadilishwe kwa kipya chenye kung'aa. Jumba la makumbusho la Lubumbashi liko, na hata shule zetu zingeweza kufundisha historia kwa kitu kama hicho.

Nne, ufundi wenyewe tunautaka. Mtu anayejua kusoma rangi ya springi kwenye moto anaweza kutengeneza jembe lisilopinda kwenye udongo wa mawe, mundu, panga, bawaba za mlango wa shule, sehemu za baiskeli. Tunawaomba wazee wanaojua kazi ya chuma wajiandikishe kwa katibu ili wafundishe vijana. Wafadhili wanaotaka kusaidia, tunachohitaji ni tupa, mawe ya kunolea, miwani ya kukinga macho na chuma chakavu cha magari.

Mwanachama ambaye tayari amekuta kitu nyumbani asiogope kusema. Amwone katibu wa tawi lake kwanza, akiwa mikono mitupu. Kitu chenyewe akiache pale pale kilipo, asikibebe njiani.

Komite ya chama